Nyimbo za zamani, siku kumi, na sebule ya mtu

Hamjambo nyote. Wazee mlioketi hapa mbele nawapa heshima yenu kwanza, na nyi vijana mliojazana pale mlangoni na magita mgongoni ingieni jamani, viti viko huku kushoto. Niliambiwa nije niongee kuhusu kurekodi albamu, nikasema sawa, lakini nitaongea kuhusu albamu moja tu, na ni ya nyimbo za taratibu tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliyeimba ni mtu wa kantri. Albamu ni Stardust ya Willie Nelson, ilitoka Aprili 1978, na kuna wengi hapa mlikuwa hamjazaliwa, ata mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa.

Kwetu Molo Jumapili asubuhi ilikuwa hivi, mama anapanguza viatu vya kanisa, baba ameweka kaseti ya Jim Reeves kwa redio ndogo ya betri, na hakuna mtu anaruhusiwa kuongea mpaka upande wa kwanza uishe. Wapo watu hushangaa, eti Mkenya na kantri wapi na wapi. Mi huwaambia waende wasikize rekodi aliyofanya Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa watu, mwaka wa 1950, mabinti wa Kipsigis wanaimba Chemirocha, na hio Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule baba wa kantri wa Marekani, jina lake lilivyogeuka mdomoni mwa watu waliosikia santuri zake kwa gramafoni. 1950! Halafu sikiza mugithi, sikiza Sir Elvis akiimba, uniambie kama huu muziki ni mgeni kwetu.

Sasa niwaambie kwa nini nimeshika albamu hii moja. Mwaka juzi nilimrekodi binti mmoja, sauti yake ni asali lakini ina mchanga kidogo ndani, ile sauti ukiisikia unaweka kijiko chini. Akaniambia anataka albamu ya nyimbo za taratibu peke yake, hakuna ya kucheza ata moja. Nikaogopa. Nikajiambia taratibu ni usingizi, watu watazima baada ya wimbo wa pili, kwa hivo nikaanza kujaza, nikaweka violini za kompyuta, nikaweka kwaya ambayo ni mimi mwenyewe nimejirekodi mara 12, kinanda chini, drami juu, tena kitu kingine cha kung'aa juu ya hizo drami, wimbo mmoja ukafika traki 64, yaani sauti 64 zimerekodiwa mbali mbali kisha zimepangwa pamoja. Tukampelekea mamake asikize. Alisikiza nyimbo 3 kwa heshima, mikono mapajani, halafu akauliza kwa upole kabisa, sasa mwanangu anaimba saa ngapi?

Hakuwa na nia mbaya yule mama, alikuwa anauliza kweli juu alimsikia mtoto wake kwa mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya soko. Usiku huo sikulala. Nikatoa Stardust nikaisikiza tena, safari hii nikiisikiza kama fundi, na headfoni, nikihesabu ni vitu vingapi vinalia kwa wakati mmoja, na mara nyingi vilikuwa vichache mpaka nikaona aibu.

Mjue kwanza alikuwa wapi Willie wakati anaifanya, juu bila hio hamtaelewa ujasiri wake. Alizaliwa 1933 Abbott, Texas, kijiji kidogo cha pamba, akalelewa na babu na nyanya, yeye na dadake Bobbie. Wale wazee walikuwa wanasomea muziki kwa barua, masomo yanakuja kwa posta, babu akampa gita akiwa na miaka 6 na Bobbie akawekwa kwa piano. Kwa hivo nyimbo za redio za miaka ya 30 na 40, zile za Broadway na za filamu, hawa watoto walizijua kutoka kwa karatasi za muziki za dadake, sio kwamba Willie aliziokota akiwa mtu mzima akitafuta kitu cha kuuza. Hapo pazuri sana, shikeni hapo.

Baadaye akaenda Nashville, akawa mtunzi. Crazy aliyoimba Patsy Cline 1961, hio ni kalamu yake. Lakini yeye mwenyewe akiimba watu wa studio walikuwa hawamwelewi, sauti inapita puani, na mbaya zaidi haimbi juu ya mdundo, anaimba nyuma yake, mara anakimbia mbele, mara anachelewa mpaka unadhani amesahau maneno. Walijaribu kumfunika na violini na kwaya, venye tu mimi nilimfanyia yule binti. Haikushika. Akarudi Texas, akafuga nywele, akaanza kuimbia vijana wa Austin, na 1975 akapata mkataba na Columbia uliompa uamuzi wote wa studio, akaleta Red Headed Stranger, kavu, gita na piano na sauti, wakubwa wa lebo wakadhani ni demo. Ikauza. 1976 ikaja ile ya Wanted! The Outlaws, albamu ya kwanza ya kantri kufika platinamu, yaani kuuza milioni, na Januari 1978 akatoa nyingine na Waylon Jennings, muasi mwenzake. Yaani huyu ndo mkuu wa waasi wa kantri, ndevu, kitambaa kichwani, mashabiki wake wanapanda pikipiki kubwa.

Na katikati ya moto huo ndo akasema, mi nataka kuimba zilipendwa.

Sina neno lingine la kuziita ila hilo. Zilipendwa. Nyimbo ambazo wazazi walichezea wakiwa wachumba. Yenye ni nzee zaidi kwa albamu ile ni ya 1926, yenye ni changa ni ya 1955. Hebu mfikirie hapa kwetu, kijana anayeongoza chati na muziki wa vijana, kila wiki yuko klabu, halafu anamwambia meneja wake albamu ijayo ni nyimbo 10 za Mbaraka Mwinshehe na wenzake, polepole, na hakuna biti. Lebo ilipinga. Walimwambia abaki kwa kile watu wanamjulia, nyimbo hizo zimeshaimbwa na kila mtu. Na kusema ukweli hawakuwa wajinga, mi ningekuwa kwa kile kiti pengine ningesema hivo hivo. Ila mkataba ulikuwa unasema uamuzi ni wake. Nyi vijana mnaosaini vitu bila kusoma, hio albamu yote imekaa juu ya sentensi moja ya mkataba.

Sasa ni nani ataipanga? Hapa ndo napenda kukaa.

Willie wakati huo alikuwa anaishi Malibu, California, na jirani yake alikuwa Booker T. Jones. Wale wa ogani mnamjua, Green Onions ya 1962, mtoto wa Memphis aliyekuwa mwanamuziki wa Stax, lebo ya souli ya mji huo, tangu akiwa shuleni, bendi yake watu weusi na weupe pamoja katika mji ambao wakati huo ulikuwa unawatenganisha ata kwa meza ya chakula. Tena ndo alimprodyuzi mwimbaji Bill Withers albamu yake ya kwanza, 1971. Huyu ni mtu wa souli, sio wa kantri. Willie akamwomba ampangie wimbo mmoja tu, Moonlight in Vermont, waone. Willie alipousikia akamwambia basi tufanye albamu yote.

Mwangalie alivyochagua. Hakutafuta prodyuza mwenye hiti ya mwezi uliopita, alitafuta mtu anayezijua hizo nyimbo kwa ndani. Booker T. alikuwa amesomea muziki Chuo Kikuu cha Indiana, anafanya masomo katikati ya wiki na wikendi anarudi Memphis kurekodi. Na Hoagy Carmichael, aliyetunga Stardust yenyewe 1927, na Georgia on My Mind 1930, alisoma chuo hicho hicho, Bloomington, yeye alisomea sheria. Mi hio huniguza sana, sijui kwa nini, kwamba njia za miguu ni zile zile, miaka 40 katikati.

Halafu kuna Ray Charles, mwimbaji wa souli. 1960 aliichukua Georgia akaifanya yake, na 1962 akachukua nyimbo za kantri akazigeuza souli, wakubwa wake nao wakamwambia ataharibu jina, na haikuharibika. Sasa 1977 mtu wa kantri anakuja kutoka upande ule mwingine na mtu wa souli amemshika mkono. Muziki wa Marekani ukitaka kuuelewa, ndo hivo ulivyo, watu waliokuwa wamewekewa ua katikati wanapitishiana vitu juu ya ua.

Kurekodi. Hawakwenda studio kubwa. Brian Ahern, prodyuza Mkanada, wakati huo mume wa mwimbaji wa kantri Emmylou Harris, alikuwa na lori, trela zima ndani limejaa mitambo ya kurekodi, linaitwa Enactron Truck, na lilikuwa limeegeshwa kwao kwenye vilima vya Los Angeles. Waya zinatoka kwa lori zinaingia nyumbani, na bendi inapiga ndani ya nyumba. Desemba 1977, siku kama 10, wakamaliza. Siku kumi! Mi nimekaa na wimbo mmoja miezi 4 nikipandisha na kushusha ngoma.

Na waliopiga ni nani, ni bendi ile ile ya barabarani, Bobbie kwa piano, Paul English kwa drami, Bee Spears kwa besi, Jody Payne gita, Mickey Raphael harmonika. Hawakukodisha wataalamu wa kuchukua nafasi yao. Bobbie anazijua hizi nyimbo tangu nyumbani kwa nyanya yake, kakake akivuta pumzi yeye tayari anajua atachelewa kiasi gani, na hicho huwezi kukinunua kwa saa. Na sikizeni Mickey, kwa nyimbo kama hizi watu walizoea saksofoni, sasa mahali pa saksofoni pakakaa harmonika, kitu cha mtu wa shamba, kinalia pale pale palipokuwa na moshi wa klabu ya mjini. Booker T. mwenyewe yuko kwa ogani, na violini zipo pia, sio kwamba hakuna, lakini zinakuja zikiwa zimechelewa, zinasimama mlangoni kwanza. Mtu akiimba zinanyamaza. Akimaliza mstari ndo zinasema kidogo. Hicho tu. Mimi za kwangu zilikuwa zinaongea pamoja na mwimbaji, na watu wawili wakiongea pamoja hakuna anayesikika.

Na lile gita. Mnalijua Trigger? Martin N-20, gita la nyuzi za nailoni, alilinunua 1969 bila kuliona, nyumba yake ilipoungua Tennessee alirudi ndani kulitoa. Hayo magita ya nailoni hayakuundwa kupigwa na piki, hayana kinga pale chini ya tundu, kwa hivo piki yake imekula mbao mpaka kukawa na tundu la pili. Ana kitu cha Django Reinhardt, yule mpiga gita wa jazi, mkononi, na ukisikiza solo zake kwenye Stardust si za mtu anayejionyesha, ni kama anairudia ile sauti ya wimbo akijikumbusha, anakosea kidogo, anaendelea, na wakaacha hivo.

Sasa nirudi kwa kuimba nyuma ya mdundo, kwa sababu hapa ndo wimbo wa taratibu hufa ama hupona. Kompyuta zetu zina ile gridi, mistari ya kupimia mdundo, na sisi maprodyuza tumezoea kila neno tulivute likae kwa mstari, na sauti tuinyooshe mpaka haina kona. Kwa wimbo wa kucheza pengine ni sawa. Lakini mtu wa kwetu akikusimulia jinsi alivyoachwa, hapimi maneno na saa, anasema nusu, ananyamaza, anatazama mkono wake, halafu nusu iliyobaki inatoka haraka kama inamchoma. Willie anaimba hivo. Bendi inatembea sawasawa kama watu wanaotoka kanisani, na yeye anatembea na mwendo wake, na ata akichelewa vipi mwisho wa mstari wanakutana. Ile starehe unayoisikia, na uoga kidogo, uko hapo, kwamba atafika ama hatafika. Ukimvuta kwa gridi umemuua. Aliupata wapi mwendo huo? Kwa Frank Sinatra kwa sehemu kubwa, amesema mwenyewe mara nyingi, na ukizoea taarab ya zamani hutashangaa, wale waimbaji nao walijua kumfanya mpiga fidla angoje.

Kuna kitu kingine kuhusu Moonlight in Vermont, sisi watu wa mashairi tutakiona haraka. Ule wimbo hauna vina. Hakuna mstari unafunga na mwenzake. Sisi tuliokuzwa na vina na mizani, shairi bila vina tunaona kama nyumba bila mlango, lakini sikiza jinsi unavyosimama, ni picha tu, picha moja halafu nyingine, na wimbo hauanguki juu kile vina vingefanya kinafanywa na muziki wenyewe na kimya kilichoko kati ya picha. Watunzi wenzangu, mkikwama usiku mzima mkitafuta neno la kufunga na moyo, kaeni na huo wimbo.

Na September Song, hio ni ya mtu ambaye anaona siku zinafupika na bado anapenda. Willie alikuwa na miaka 44 alipoirekodi. Nikiisikiza sasa, nikijua alishapita 90 akiwa bado jukwaani, nashindwa, inabidi nizime kidogo.

Ikatoka basi. Ile hofu yote ya lebo, Georgia ikaenda namba 1 kwa chati ya kantri, Blue Skies nayo namba 1, All of Me namba 3, na Georgia ikampa Grammy ya uimbaji. Albamu ikakaa kwa chati ya albamu za kantri ya Billboard karibu miaka 10. Imeuza Marekani peke yake zaidi ya milioni 5. Na Willie amesimulia kwamba alipoimba Stardust mbele ya vijana wa Austin walinyamaza kwanza, halafu ukumbi ukalipuka, na wengi wao walidhani ni wimbo mpya ameutunga yeye. Mzee Carmichael alikuwa bado hai, alifariki 1981. Nafikiria sana kuhusu hio, mtu umetunga wimbo 1927, umeshazeeka, halafu watoto wa pikipiki wanauomba tena.

Ila sikuja kuwapa namba, namba zitawadanganya, kuna albamu za taratibu nyingi zilizofanywa vizuri na hazikuuza chochote.

Nilimrudia yule binti. Nilimwomba msamaha yeye na mamake, nikamwambia nataka kurudia kazi yote bila malipo, na akakubali baada ya wiki 2 za kunyamaza, na alikuwa na haki. Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza, ni nyimbo gani ulikuwa unaimba kabla hujajua kuna studio. Akanitajia 9. Nyingi zilikuwa za nyanya yake, mbili za kanisa, moja ya kuvuna chai. Tukabeba maiki 4 na kompyuta hadi nyumbani kwa huyo nyanya, tukatundika mablanketi kwa madirisha, yeye, binamu yake wa gita, na mzee mmoja wa akodioni ambaye alipigia harusi ya nyanya mwenyewe. Jogoo ameingia kwa wimbo wa 4, tumemwacha. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwa kiti na kutoongeza kitu, na niwaambie ukweli wangu, ilikuwa kazi ngumu kuliko zile traki 64, mkono ulikuwa unawasha. Kila nikitaka kuweka violini najiuliza, anaimba saa ngapi?

Mamake ameshaisikiza. Hakuuliza kitu safari hii, alienda jikoni akakaa huko.

Mtaisikia mwezi ujao, binti mwenyewe atakuja, si haki mimi nimtangulie. Leo nimebeba santuri ya Stardust, ile ya jalada la nyota alilochora Susanna Clark, na fundi ametutafutia meza ya kuipigia. Kitu cha mwisho nilichotaka mjue kabla hatujasikiza, Juni 2004 Ray Charles alipozikwa Los Angeles, Willie alisimama mbele ya jeneza akaimba Georgia, wimbo wa rafiki yake, na aliimba kwa mwendo wake ule ule wa kuchelewa.

Zimeni simu kidogo, wale wa nje waingie. Akishataja lile jina la kwanza kuna nafasi hapo, bendi imeiacha, msiijaze na makofi. Fundi, upande wa kwanza, wimbo wa pili.